Mdogo wangu yuko mahabusu Arusha: je, anaweza kulazimishwa kupima VVU, na majibu yanakwenda kwa nani?

Dada Mkubwa wa Kijenge aliandika:

Wakubwa wangu shikamooni, na wengine habari za leo. Naomba msaada wenu kuhusu jambo ambalo nimeshindwa kumuuliza mtu ana kwa ana, kwa sababu hapa mtaani neno likishatoka mdomoni halirudi.

Mdogo wangu wa kiume ana mke na mtoto mmoja, na mkewe ni mjamzito. Yuko mahabusu katika gereza moja mkoani kwetu kwa kesi ya wizi wa pikipiki. Kesi yenyewe ina dhamana, lakini mpaka sasa tumekosa wadhamini wanaokidhi masharti. Nilipokwenda kumwona alinieleza, kwa sauti ya chini kwa kuwa wageni tulikuwa wengi, kwamba muda mfupi baada ya kupokelewa waliitwa zahanati kwa makundi, wakaulizwa kuhusu kikohozi, homa, kutoka jasho usiku na kupungua uzito, kisha wakaambiwa kwamba wanaotaka kupima VVU wabaki. Yeye hakubaki. Sababu aliyonipa ni kwamba aliyekuwa akiita majina na kupanga foleni alikuwa mfungwa mwenzao, nyapara, na kila aliyeingia chumbani akachelewa kutoka alikuwa ameshahukumiwa na wenzake waliokaa kwenye benchi nje.

Kinachonisumbua ni kwamba hata kabla hajakamatwa alikuwa amekonda, na homa zilikuwa zikimpata mara kwa mara. Nilipomwambia akapime alinijibu kwamba mke wake alipimwa kliniki ya wajawazito akaonekana hana maambukizi, kwa hiyo yeye pia yuko salama.

Ningependa kujua kama gereza linaweza kumlazimisha kupima, na kama akipima, majibu yake yatafika kwa mkuu wa gereza au kwa hakimu na kumharibia dhamana. Ningependa pia kujua kama akikutwa nayo atapewa dawa akiwa bado mahabusu, au atasubiri mpaka kesi iishe. Na je, naweza kununua kile kipimo cha kujipima mwenyewe nikampelekea siku ya kumtembelea?

Muuguzi Mstaafu, Moshi alijibu:

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimefanya kazi ya ushauri nasaha na upimaji kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, na kwa vipindi fulani tulikuwa tukitoa huduma kwa wafungwa na mahabusu. Nitaanza na lile la mkewe, kwa sababu ndilo linalomfanya mdogo wako alale usingizi asiostahili kulala.

Kipimo cha mke hakimpimi mume. Wapo wanandoa wengi ambao mmoja ana maambukizi na mwenzake hana, na wanaweza kuishi hivyo kwa miaka. Isitoshe, mke kupimwa katika hudhurio la kwanza hakumalizi habari, maana mjamzito hupimwa tena ujauzito unapokua, kwa kuwa anaweza kuambukizwa katikati ya safari hiyo, na maambukizi mapya wakati wa ujauzito au kunyonyesha ndiyo yanayomweka mtoto katika hatari kubwa zaidi. Mweleze wifi yako asikose hudhurio hata moja, na akaeleze kliniki kwamba hali ya mume haijajulikana. Hilo linamsaidia mhudumu kuamua, na si jambo la kumwaibisha mtu.

Sasa kuhusu mdogo wako mwenyewe. Kukonda na homa za mara kwa mara kunaweza kuwa na sababu nyingi, na mimi siwezi kumpima kupitia maandishi. Hata hivyo, mtu mwenye dalili hizo anayeishi katika chumba chenye watu wengi na hewa kidogo anapaswa kuchunguzwa mambo mawili kwa pamoja, yaani VVU na kifua kikuu. Magonjwa haya mawili hufuatana, na gerezani hufuatana zaidi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba kati ya watu zaidi ya milioni 10 waliokuwa magerezani duniani kwa siku yoyote, takriban asilimia 3.8 walikuwa na VVU na asilimia 2.8 walikuwa na kifua kikuu kilicho hai. Maswali aliyoulizwa kuhusu kikohozi na jasho ndiyo uchunguzi wa awali wa kifua kikuu. Kama alijibu hapana kwa woga, arudi akaseme kweli, ili atoe makohozi yapimwe.

Upimaji wenyewe ni jambo la muda mfupi. Mhudumu anachoma ncha ya kidole, anachukua tone la damu, analiweka kwenye kitepe pamoja na matone ya kimiminika maalumu, kisha mnasubiri dakika zilizoandikwa na mtengenezaji, ambazo kwa vipimo vingi hazizidi 20. Mstari mmoja kwenye sehemu ya uthibitisho unaonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi na hakikuona maambukizi. Mistari miwili bado haijawa hukumu, kwa sababu jibu hilo linapaswa kuthibitishwa kwa kipimo cha aina nyingine, na tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limependekeza vipimo vitatu mfululizo kabla ya mtu kuambiwa kwamba ana VVU. Kwa hiyo mdogo wako akiambiwa jibu baada ya kitepe kimoja, ana haki ya kuuliza kipimo cha kuthibitisha kiko wapi.

Upande wa pili pia una mtego wake. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya virusi, na mwili huwatengeneza taratibu, kwa walio wengi ndani ya mwezi mmoja na kwa wachache hadi miezi mitatu. Mtu aliyeambukizwa majuma mawili kabla ya kukamatwa anaweza kupimwa getini akaambiwa hana, akakaa mwaka mzima akiamini hivyo. Ndiyo maana mimi huwa siridhiki na gereza linalojivunia kuwapima wote siku ya kuingia na kuishia hapo. Mahabusu wanaingia na kutoka kila juma, kesi zinachukua muda mrefu, na humo ndani kuna kuazimana nyembe, kuchorana chale na mambo mengine ambayo hatupendi kuyataja. Anayekaa muda mrefu anapaswa kupewa nafasi ya kupima tena, na anayetoka pia.

Hilo la nyapara ndilo limeniumiza zaidi. Mahali tulipofanya kazi vizuri, kila aliyepokelewa aliingia chumbani peke yake, akapewa ushauri, na akakaa humo muda uleule, awe amekubali kupima au amekataa. Waliokuwa nje hawakuweza kusoma lolote kwa kuangalia nani amechelewa. Jambo hilo halihitaji fedha wala jengo jipya, linahitaji tu kiongozi wa zahanati anayejua kwamba siri ya mgonjwa huvuja kupitia foleni kabla haijavuja kupitia daftari. Mshauri mdogo wako aombe kumwona muuguzi siku nyingine kwa sababu ya kawaida, kichwa au tumbo, kisha akiwa ndani amwambie kwamba anataka kupima. Mtu anayekwenda kwa ajili ya kichwa hahesabiwi na yeyote.

Msaidizi wa Kisheria, Sakina alijibu:

Dada, mama hapo juu amemaliza upande wa afya, nami nitagusa upande wa sheria.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI, namba 28 ya mwaka 2008. Msingi wake ni kwamba upimaji wa VVU ni wa hiari, na kwamba mtu halazimishwi kupima isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa, yaani kwa amri ya mahakama, kwa anayetoa kiungo au tishu za mwili wake, na kwa wakosaji wa makosa ya kujamiiana. Mdogo wako ana kesi ya wizi na hakuna amri ya mahakama uliyoitaja, kwa hiyo hayumo katika hao. Kuwa mahabusu hakumwondolei ridhaa yake, na hapa nasisitiza kwamba hata huyo mahabusu mwenyewe sheria inamhesabu kuwa hana hatia mpaka itakapothibitishwa vinginevyo.

Kuhusu siri, kanuni ni kwamba majibu ni ya aliyepimwa. Sheria inawataja wachache wengine wanaoweza kupewa, akiwemo mwenza wake, na mahakama pale inapohusika, lakini mkuu wa gereza hana sababu ya kuorodheshewa majina ya walio na maambukizi ili tu ajue. Anachohitaji kujua kiutawala ni kwamba mtu fulani ana miadi ya hospitali tarehe fulani na asindikizwe. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2015, zinasema waziwazi katika kanuni ya 31 kwamba uchunguzi wa kitabibu ufanyike kwa usiri kamili, na katika kanuni ya 24 kwamba huduma ya afya gerezani iwe ya kiwango kilekile kinachopatikana uraiani, bila malipo, pamoja na kuhakikisha kwamba matibabu ya VVU na ya kifua kikuu hayakatiki. Siamini kwamba kila askari magereza amezisoma, lakini anayezitaja kwa heshima mbele ya mganga wa zahanati husikilizwa tofauti na anayelalamika bila kutaja chochote.

Kuhusu dhamana, ondoa hofu. Kuwa na VVU si kigezo cha kumnyima mtu dhamana. Hakimu anaangalia aina ya kosa, wadhamini na uwezekano wa mshtakiwa kufika mahakamani. Tafuteni barua ya mtendaji wa mtaa na vitambulisho vya wadhamini, maana kwa uzoefu wangu hapo ndipo familia nyingi hukwama, na kila juma mnalochelewa ni juma jingine analokaa humo akiwa na dalili ambazo hazijachunguzwa.

Akiwa na malalamiko kuhusu namna foleni inavyoendeshwa, ayaeleze kwa mganga wa zahanati kwanza, kisha kwa mkuu wa gereza. Wapo pia mahakimu wanaokagua magereza, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina mamlaka ya kuingia. Asimtaje nyapara kwa jina hadharani, kwa sababu atarudi kulala naye chumba kimoja.

Dada Mkubwa wa Kijenge aliandika:

Mama, kaka, nawashukuru sana, Mungu awabariki. Nimeelewa habari ya kwenda zahanati siku nyingine, na nitamweleza. Bado sijapata jibu la dawa, kama ataanza akiwa ndani, na la kile kipimo cha kujipima. Wifi yangu nimeshaongea naye, amekubali kurudi kliniki.

Mkazi wa Pasua alijibu:

Dada yangu, mimi nitajibu la dawa kwa sababu nililiishi. Nilikuwa nimeshaanza dawa za kufubaza virusi muda mrefu kabla ya kupata kesi. Sitataja kituo cha polisi wala gereza, maana shida yangu si kumshitaki mtu.

Gerezani dawa zilikuwepo. Muuguzi aliponipokea na kunisikia alipiga simu kliniki yangu ya tiba na matunzo, akapata namba yangu, na tangu siku hiyo nilikuwa nikiitwa kuchukua dawa pamoja na wenye shinikizo la damu na kisukari, kwa hiyo hakuna aliyejua nani anameza nini. Hakuna aliyeniambia nisubiri hukumu. Utaratibu wa nchi tangu mwaka 2016 ni kwamba anayethibitika kuwa na VVU anaanza dawa bila kusubiri kinga ishuke, na sikuona mahabusu akitengwa na utaratibu huo.

Shida yangu ilitokea kabla ya gereza. Nilikamatwa jioni nikiwa na nguo niliyoivaa tu, kopo la dawa likabaki nyumbani juu ya kabati, na katika mahabusu ya polisi nilikaa siku kadhaa bila kumeza kwa sababu niliona aibu kumwambia askari wa zamu mbele ya watu waliojaa kaunta. Mke wangu alileta chakula kila siku, na hakuna siku aliyojua kwamba alipaswa kuleta na dawa, kwa kuwa nilishindwa kumwambia kwa sauti. Nilipofika gerezani nikakuta upimaji, nikafikiri nitulie nipimwe kama mgeni, ili nianze upya bila kujieleza. Muuguzi yule alinisaidia sana kwa swali moja tu: aliniuliza, kabla ya kunichoma kidole, kama kuna dawa yoyote ninayomeza kila siku. Baadaye alinieleza kwamba mtu aliye kwenye dawa kwa muda mrefu anaweza kupimwa na kitepe kikaonyesha hana, akaacha dawa akidhani amepona.

Kwa hiyo nakuomba, na yeyote anayesoma hapa akiwa na ndugu polisi au gerezani, asiishie kuuliza kama amepima. Aulize kwa faragha kama kuna dawa aliyoiacha nyumbani. Na kama mdogo wako alishapima zamani akakuficha, kukonda kwake kunaweza kuwa ni dawa iliyoachwa, na hapo dawa yake ni kusema ukweli kwa muuguzi, si kupimwa upya.

Muuguzi Mstaafu, Moshi alijibu:

Asante sana mwanangu wa Pasua. Hilo la kopo kubaki kabatini nimelisikia kwa watu wengi, na linanifanya nitamani kila kituo cha polisi kiwe na mahali pa kumsikiliza mtu bila hadhira.

Dada wa Kijenge, usipeleke kipimo cha kujipima. Ni kweli kwamba marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliruhusu watu kujipima, na kwa mtu aliye nyumbani kwake ni jambo jema. Gerezani kuna sababu tatu za kukataa. Kitu kinachoingizwa bila ruhusa kitamletea kosa jingine. Pia hatakuwa na mahali pa kukaa peke yake akisubiri jibu, na jibu lenye mistari miwili bado litamrudisha zahanati kuthibitishwa. Ninayoihofia zaidi ni ya tatu: kipimo kikijulikana kipo, mwenye nguvu chumbani anaweza kumlazimisha mwingine kujipima mbele ya watu. Hiari tuliyoizungumza hapo juu ingekuwa imekufa kwa mkono wa ndugu aliyetaka kusaidia.

Kuhusu mafanikio ya dawa, nitakupa takwimu za utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023, ambao ulifanyika kwa kutembelea kaya. Kati ya watu wazima wenye VVU nchini, takriban asilimia 83 walikuwa wanajua hali yao. Kati ya hao wanaojua, karibu asilimia 98 walikuwa kwenye dawa, na kati ya walio kwenye dawa asilimia 94 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Ukiangalia vizuri utaona kwamba tunapokwama ni pale mwanzo, kwenye kujua. Akishajua, njia iliyobaki imeshafunguliwa, na aliyefubaza virusi mpaka visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Utafiti wa kaya haumfikii aliye gerezani, na ndiyo maana namtaka mdogo wako ahesabiwe na muuguzi, kwa kuwa mtafiti hatamkuta nyumbani.

Jambo la mwisho ni la siku atakayotoka, na naomba ulishike kuliko yote niliyoandika. Mfungwa anayemaliza kifungo hutokea gerezani, kwa hiyo zahanati ina nafasi ya kumwandalia dawa na barua ya uhamisho. Mahabusu akipata dhamana huachiwa kutokea mahakamani. Aliondoka asubuhi na karandinga, dawa zake zimebaki zahanati, na jioni yuko Kijenge na watu wanamshangilia. Hapo ndipo wengi hupotea. Akithibitika kuwa nayo, basi akuandikie au akukaririshe namba yake ya kadi ya kliniki, wewe uitunze. Siku hiyohiyo ya dhamana au kesho yake mpelekeni hospitali ya Mount Meru au kituo chochote chenye huduma hiyo kilicho karibu nanyi, aseme katokea wapi na namba ni hii, wampe dawa za kuanzia wakati faili likifuatiliwa. Na akiwa amepima akaonekana hana, mpelekeni vilevile akarudie kipimo baada ya miezi mitatu, aende na mkewe.